Wiki fupi, siku ndefu: Nani anafaidika watumishi wa umma wakifanya kazi siku nne?

Katika ofisi za halmashauri na wizara jijini London, kuna ombi ambalo wakuu wa idara wamezoea kulipokea kutoka kwa wafanyakazi wao. Mfanyakazi haombi nyongeza ya mshahara wala kupunguziwa kazi. Anaomba amalize saa zake zote za wiki kwa siku nne badala ya tano, na siku ya tano abaki nyumbani.

Kwa Waafrika Mashariki walioajiriwa katika hospitali, shule, halmashauri na usafiri wa umma wa jiji hili, suala hilo linagusa maisha moja kwa moja. Siku moja ya katikati ya wiki inaweza kuwa siku ya masomo, siku ya kukaa na mtoto, au siku ya kushughulikia mambo ya nyumbani Tanga au Kisumu. Ofisi za serikali Dar es Salaam zinapofungwa saa tisa na nusu alasiri, London huwa ni saa sita na nusu mchana wakati wa baridi, na saa saba na nusu wakati wa kiangazi. Aliyeko kazini siku zote tano hana nafasi ya kufuatilia hati ya kiwanja kwa simu.

Hata hivyo, siku hiyo haipatikani bure. Hulipiwa kwa siku nne ndefu, na swali ambalo limekuwa likiulizwa Uingereza, Marekani na hata barani Afrika ni kama bei hiyo inastahili kulipwa, na nani hasa anailipa.

Mambo mawili yanayochanganywa

Mara nyingi watu huzungumzia "wiki ya siku nne" kana kwamba ni jambo moja. Kwa kweli ni mipango miwili tofauti kabisa.

Mpango wa kwanza ni wa kubana saa. Halmashauri nyingi za London zina wiki ya saa 35 au 36. Mwenye saa 36 akizigawa kwa siku nne, atafanya saa tisa kila siku, ukiacha muda wa chakula. Wengine huchagua njia ya kati, yaani siku tisa za kazi katika kila wiki mbili. Hapo saa 72 hugawanywa kwa siku tisa, kila siku saa nane, na mfanyakazi hupata siku moja ya mapumziko kila baada ya wiki mbili. Mshahara haubadiliki, kwa sababu saa hazijabadilika.

Mpango wa pili ni wa kupunguza saa zenyewe bila kupunguza mshahara. Huu ndio ambao umezua mabishano makubwa ya kisiasa, kwani mlipa kodi huuliza kwa nini alipie siku tano na kupata nne.

Tofauti hiyo ni muhimu zaidi kwa mfanyakazi aliyekuja Uingereza kwa viza ya kazi. Viza hiyo imefungwa na kiwango cha chini cha mshahara. Anayepunguza saa na kukubali kupunguziwa malipo anaweza kujikuta chini ya kiwango hicho na kuhatarisha ruhusa yake ya kuishi nchini. Anayebana saa zake mshahara wake hubaki pale pale.

Sheria inasemaje?

Haki ya kuomba mpangilio tofauti wa saa ilianza Aprili 2003, wakati huo ikiwahusu wazazi wenye watoto wa chini ya miaka sita au watoto wenye ulemavu. Mwaka 2007 waliongezwa wanaowatunza ndugu wazima wenye mahitaji maalum. Mwezi Juni 2014 haki hiyo ilipanuliwa kwa kila mwajiriwa aliyetimiza wiki 26 kazini, na tangu Aprili 2024 mwajiriwa anaweza kuomba tangu siku yake ya kwanza.

Mfanyakazi anaruhusiwa maombi mawili katika kila miezi 12, na mwajiri anatakiwa kutoa jibu la mwisho katika muda wa miezi miwili. Hawezi kukataa kabla ya kuzungumza na mwombaji.

Lakini haki ya kuomba si haki ya kupewa. Sheria inataja sababu nane ambazo mwajiri anaweza kuzitumia kukataa. Miongoni mwake ni gharama kuongezeka, kushindwa kugawa kazi kwa waliobaki, kushindwa kuajiri watu wengine, ubora wa kazi kushuka na wateja kukosa huduma. Kwa ofisi yenye watu wanne na dirisha moja la kuhudumia wananchi, si vigumu kwa mkuu wa idara kupata sababu miongoni mwa hizo.

Hospitalini wiki ilishabanwa zamani

Wakati maofisa wa wizara wakijadili siku nne, wauguzi wa London wameishi na mfumo huo kwa miaka mingi bila kuuita jina hilo. Mwuguzi wa shirika la taifa la afya, NHS, ana wiki ya saa 37 na nusu. Katika hospitali nyingi saa hizo hufanywa kwa zamu za takriban saa 12 na nusu, na ukiondoa mapumziko yasiyolipwa hubaki saa 11 na nusu. Kwa hesabu hiyo mwuguzi hufanya zamu 13 katika kila wiki nne, yaani siku tatu kwa wiki, na mara moja kwa mwezi siku ya nne.

Ukisikia siku tatu kwa wiki, utadhani ni neema. Lakini fikiria mwuguzi anayeishi Barking au Croydon kwa sababu kodi ya nyumba katikati ya jiji haishikiki. Zamu ya kuanza saa moja na nusu asubuhi humtoa nyumbani kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Ikiisha saa mbili usiku, atafika nyumbani kwenye saa tatu au zaidi. Kama ana mtoto mdogo, siku hiyo hamwoni akiwa macho. Vituo vingi vya kulelea watoto hufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo lazima awepo mtu mwingine wa kumchukua mtoto: mume, dada, au jirani. Huku ugenini shangazi hayuko nyumba ya pili.

Uchovu nao una hesabu yake. Utafiti ulioongozwa na wataalamu wa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2014 uliwahoji wauguzi zaidi ya 31,000 katika nchi 12 za Ulaya. Ulibaini kuwa wanaofanya zamu za saa 12 au zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema ubora wa huduma si mzuri na kwamba kuna kazi za mgonjwa ziliachwa bila kukamilika, wakilinganishwa na wenye zamu za saa nane au chini yake.

Pamoja na hayo, wauguzi wengi hawataki zamu hizo ziondolewe, na sababu haihitaji utafiti. Siku nne zisizo na zamu ni siku za kupumzika kwa aliyetosheka. Kwa mwenye ada za shule za wadogo zake kule nyumbani, ni siku za kutafuta zamu za ziada. Sheria ya saa za kazi ya mwaka 1998 inaweka kikomo cha wastani wa saa 48 kwa wiki, lakini inamruhusu mfanyakazi kutia saini kujitoa katika kikomo hicho. Mwenye viza ya kazi naye anaruhusiwa kazi ya nyongeza isiyozidi saa 20 kwa wiki. Hivyo wiki iliyobanwa kwa siku tatu huishia kuwa wiki ya siku tano zilizo ndefu.

Suala hili linawahusu Wakenya kwa namna ya pekee. Mwezi Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi Uingereza. Anayefikiria safari hiyo anapaswa kuuliza si mshahara tu bali pia urefu wa zamu.

Wazima moto wa jiji nao wana mfumo wao. Hufanya zamu mbili za mchana, mbili za usiku, kisha hupumzika siku nne. Zamu ya mchana ina saa 10 na nusu na ya usiku 13 na nusu, ambazo jumla yake ni saa 48 kwa siku nane, au wastani wa saa 42 kwa wiki.

Mvutano wa Cambridgeshire na treni za chini ya ardhi

Jaribio lililozungumzwa sana katika sekta ya umma halikufanyika London bali kaskazini yake, katika halmashauri ya South Cambridgeshire. Kuanzia Januari 2023 watumishi wa ofisini walianza kufanya kazi siku nne kwa mshahara kamili, wakitakiwa kukamilisha kazi ile ile kwa takriban asilimia 80 ya muda. Baadaye mwaka huo wazoa taka nao waliingizwa.

Serikali ya chama cha Conservative ilikasirika. Waziri Lee Rowley aliandika barua akiitaka halmashauri iache, na Novemba mwaka huo huo ikapewa onyo rasmi kuhusu matumizi ya fedha za umma.

Ripoti iliyotolewa Julai 2024, iliyohusisha vyuo vikuu vya Cambridge na Salford, ilionyesha kuwa kati ya huduma 24 zilizopimwa, 22 zilikuwa zimeboreka au kubaki zilivyokuwa. Wafanyakazi walioacha kazi walipungua kwa asilimia 39. Halmashauri ilisema imeokoa pauni 371,500 kwa mwaka, hasa kwa sababu haikuhitaji tena kukodi watu wa muda kutoka kwa mawakala. Si kila kitu kilikwenda vizuri, kwani ukusanyaji wa kodi za nyumba ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyozorota.

Mwezi Julai 2025 madiwani walipiga kura kuufanya mpango huo wa kudumu. Lakini kubadilika kwa serikali hakukumaliza ubishi. Mwishoni mwa mwaka 2025 waziri anayehusika na serikali za mitaa, Steve Reed wa chama cha Labour, naye alieleza kutoridhishwa kwake.

Jijini London kwenyewe, ubishi umehamia kwenye treni za chini ya ardhi. Mwaka 2025 wanachama wa chama cha madereva, Aslef, walipiga kura kukubali pendekezo la wiki ya siku nne. Chama kingine cha wafanyakazi wa reli, RMT, kilikuwa na msimamo tofauti: kilitaka saa zenyewe zipunguzwe kutoka 35 hadi 32, na hilo lilikuwa miongoni mwa madai ya mgomo uliokwamisha jiji Septemba 2025. Waajiri walisema hawawezi kulimudu.

Katika mvutano huo tofauti ya mipango miwili inaonekana wazi. Siku nne zinaweza kuwa zawadi, na zinaweza pia kuwa siku ndefu zaidi mbele ya usukani. Yote hutegemea idadi ya saa.

Utah na Gambia

Wapo waliojaribu kubana wiki kwa serikali nzima. Mwezi Agosti 2008, bei ya mafuta ikiwa juu, Gavana Jon Huntsman wa jimbo la Utah nchini Marekani aliamuru watumishi wapatao 17,000 wafanye kazi saa 10 kwa siku, Jumatatu hadi Alhamisi. Majengo yangefungwa Ijumaa na gharama za umeme zingepungua.

Wafanyakazi wengi waliupenda mpango huo. Lakini akiba iliyopatikana ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na wananchi walilalamika kukuta milango imefungwa Ijumaa. Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuufuta, likapuuza kura ya turufu ya gavana aliyefuata, na Septemba 2011 watumishi walirudi kwenye siku tano.

Barani Afrika, Rais Yahya Jammeh wa Gambia alitangaza wiki ya siku nne kwa sekta ya umma kuanzia Februari 2013. Kazi ilikuwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa ilitengwa kwa ibada, shughuli za kijamii na kilimo. Rais Adama Barrow alipoingia madarakani mwaka 2017 aliirudisha Ijumaa kuwa siku ya kazi ya nusu siku.

Katika Ghuba, ambako Waswahili wengi wana ndugu, Umoja wa Falme za Kiarabu ulihamia wiki ya siku nne na nusu serikalini Januari 2022, Ijumaa kazi zikiisha saa sita mchana. Sharjah ilikwenda mbali zaidi ikachagua siku nne kamili, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Hizo ni saa nane kwa siku, yaani 32 kwa wiki. Ilipunguza saa badala ya kuzibana.

Tanzania: kifungu kipo

Huenda wasomaji wengi hawajui kwamba sheria ya Tanzania inautambua mpango huu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo kwa Tanzania Bara inawahusu pia watumishi wa umma isipokuwa wa majeshi, polisi na magereza, ina kifungu cha 21 kinachoruhusu wiki ya kazi iliyobanwa.

Kwa mujibu wa kifungu hicho, mwajiri na mwajiriwa wanaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba kazi ifanyike hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwemo, bila malipo ya saa za ziada. Masharti ni kwamba wiki isizidi siku tano na saa 45 za kawaida, na saa za ziada zisizidi 10 kwa wiki. Kawaida, bila makubaliano hayo, kikomo ni saa tisa kwa siku.

Neno la kuzingatia hapo ni "maandishi". Mlinzi, mhudumu wa wodi au karani anayeambiwa kwa mdomo kwamba siku hizi zamu ni saa 12 na hakuna malipo ya ziada, ana haki ya kuuliza makubaliano yako wapi.

Je, mpango huu ungefaa katika ofisi za umma za Dar es Salaam au Nairobi? Upande mmoja, safari ya kwenda na kurudi kazini ingepungua mara moja kwa wiki, na kwa anayetoka Kibaha au Kitengela hilo si jambo dogo. Upande wa pili, mtumishi mwenye wiki ya saa 40 akianza saa moja na nusu asubuhi angetoka saa kumi na moja na nusu jioni hata bila kuhesabu chakula, kisha akutane na foleni na giza. Wanawake ndio wangeulizwa kwanza nani anapika.

Na yupo mtu wa tatu ambaye hayumo katika makubaliano: mwananchi aliyepanda basi usiku kucha kufuata cheti cha kuzaliwa. Akifika Ijumaa akakuta kufuli, siku ya mapumziko ya karani imelipwa na yeye, pamoja na nauli na gharama ya kulala. Tatizo hilo lina dawa, nayo ni kugawa wafanyakazi makundi mawili, moja lipumzike Jumatatu na jingine Ijumaa, ili ofisi isifungwe. Utah ilifunga majengo ili kuokoa umeme, ikapoteza uvumilivu wa wananchi.

Kabla ya kuandika barua

Kwa wafanyakazi wa London wanaofikiria kuomba, yapo mambo ya kupigia hesabu mapema.

Kwanza ni likizo. Sheria inatoa wiki 5.6 za likizo kwa mwaka. Kwa mwenye siku tano hizo ni siku 28, na kwa mwenye siku nne ni 22.4. Haki haijapungua, bali kila siku ya likizo imekuwa ndefu. Ni vyema likizo ihesabiwe kwa saa.

Pili ni sikukuu. Nyingi ya sikukuu za Uingereza huangukia Jumatatu. Anayechagua kupumzika Jumatatu aulize mapema sikukuu hizo zitahesabiwaje, asije akazikosa au akajikuta anadaiwa saa.

Tatu ni mapumziko. Sheria inataka saa 11 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na angalau dakika 20 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa sita.

Nne ni kipindi cha majaribio. Mwombaji anaweza kupendekeza miezi mitatu ya kujaribu. Mkuu wa idara anayesita kukubali moja kwa moja huona ni rahisi kukubali jaribio, na mfanyakazi naye hupata nafasi ya kujua kama mwili wake unastahimili.

La mwisho ni la kumwambia mwenzako wa meza ya pili. Siku usiyokuwepo, simu zako hupokelewa na yeye. Ikiwa kazi ya siku tano haikutoshea katika siku nne, iliyobaki haipotei. Inahamia kwake, au inakusubiri Jumatatu, au unaifanya Ijumaa mezani kwako jikoni bila malipo. Ikifika hapo hujabana wiki yoyote. Umerefusha siku nne, na ya tano umeitoa sadaka.